Fungua Uhesabu

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kwamba ulimi hauna mfupa. Methali hiyo nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi bila kuijali, kwa sababu tu iliwapendeza walimu na kunipatia alama. Sikujua kwamba siku moja ulimi wangu mwenyewe, kwa kutamka neno moja tu, ungemfanya mtu afukuzwe kazi na kuitwa mwizi mbele ya watoto. Neno lenyewe ni "tatu". Keti nikusimulie.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana duka dogo la gemu katika mtaa wa Free Area hapa Nakuru, si mbali na barabara kuu ya kwenda Nairobi. Ni chumba kimoja cha mabati chenye mabenchi mawili, televisheni mbili na kompyuta tatu. Kompyuta mbili ni za kazi za watu wazima: kuchapa barua, kutoa nakala na kuwajazia watu fomu za eCitizen. Ya tatu ndiyo kipenzi chetu. Ni kompyuta ya gemu, kubwa, nyeusi, yenye feni inayowaka taa ya samawati. Ilikuja kama mtumba kutoka Uingereza na umri wake si haba, kwa maana moyo wake ni Intel Core 2 Quad, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2007. Sisi vijana tuliibatiza jina Mzee.

Mzee alikuwa anacheza gemu za zamani bila taabu. Shida ilianza wateja walipotaka gemu jipya la kandanda. Lilikuwa likifunguka, wachezaji wakiingia uwanjani, mara picha zinakwama mithili ya gari la ng'ombe kwenye matope ya Njoro. Baadaye gemu linajifunga lenyewe na kuandika kwamba kumbukumbu haitoshi. Watoto wanadai shilingi zao. Mjomba anarudisha huku amekunja uso.

Kwa wale wasiojua, kumbukumbu inayotajwa hapa ndiyo RAM. Diski ya kompyuta ni kama kabati, nayo RAM ni kama meza. Kazi yoyote lazima itolewe kabatini na kutandazwa mezani. Meza ikiwa ndogo, kazi kubwa haienei. Mzee alikuwa na RAM ya GB 4. Zamu ya mjomba ilipofika katika chama chao, alikata shauri. Alimpakia Mzee kwenye matatu siku ya Jumatatu, akampeleka kwa fundi mmoja katikati ya mji, akanunua vibao viwili vya RAM, kila kimoja GB 4, kwa shilingi elfu tatu. Vibao vya zamani aliviacha huko huko. Fundi alimwashia kompyuta na mjomba akaona kwa macho yake maandishi meupe yakipita kwenye skrini nyeusi: 8192. Maana yake ni GB 8. Akarudi nyumbani akitabasamu.

Lakini wapi! Gemu lilikwama vile vile, kama kwamba hakuna kilichoongezwa hata chembe.

Sasa nikueleze habari za Kaka. Huyu ndiye kijana aliyekuwa akifungua duka kila asubuhi. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne miaka miwili nyuma na hakuwa na karo ya kuendelea. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hakuniruhusu, na pia kwa sababu liliwahi kupakwa matope kwa ajili yangu mara moja na hiyo yatosha. Ni yeye aliyenifundisha kushika bisibisi. Wazee husema jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na ukitaka kuamini hayo, fungua kompyuta iliyokaa Free Area mwezi mmoja tu. Kaka alikuwa akimfungua Mzee kila mwisho wa mwezi na kumpangusa vumbi kwa brashi ya rangi iliyo safi, taratibu, kama mtu anayemnyoa babu yake.

Siku moja, kabla ya RAM mpya kununuliwa, aliniambia, "Unajua huyu Mzee anasahau? Stima ikipotea tu, akiamka anadhani tuko 2009. Kila asubuhi lazima nimrekebishie saa. Ni betri imekufa, hii ndogo kama sarafu. Wewe ni mtu wa nyumbani, hebu mwambie mjomba wako anunue. Nikimwambia mimi atasema nataka pesa."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Nilisahau kabla hata ya kufika nyumbani. Naomba usisahau hilo wewe, maana tutalirudia.

Siku ya Jumamosi wiki hiyo hiyo ya RAM mpya, duka lilijaa pomoni. Mjomba alikuwa akimhudumia mama mmoja aliyetaka fomu. Mimi nilikaa mbele ya Mzee, gemu likiwa limejifunga kwa mara ya tatu. Mjomba akapaza sauti bila kugeuka:

"Wewe, si unasoma kompyuta shuleni? Hebu angalia hapo RAM inasema ngapi."

Nilifungua ukurasa unaoeleza hali ya kompyuta. Mstari wa kumbukumbu ulikuwa mbele yangu, wazi kama mchana. Macho yangu yakarukia nambari ya mwisho.

"Ni tatu, mjomba," nikajibu. "Tatu na kitu."

"Ati nini?"

"Tatu nukta mbili nne."

Mjomba akaacha fomu ya watu. "Tatu? Na mimi nimeona nane kwa macho yangu huko mjini! Nani amebaki na duka hili tangu Jumatatu?"

Kufumba na kufumbua, Kaka akatokea mlangoni na chupa ya chai. Hakuwa amesikia lolote. Mjomba hakumpa hata nafasi ya kuiweka chini.

"Kijana, umeuza RAM yangu kwa nani?"

"RAM gani, bosi?"

"Usinichezee! Nilinunua nane. Leo ni tatu. Zimetembea?"

Kaka alinitazama mimi, kisha skrini, kisha mjomba. Akasema maneno mawili tu ambayo yanasikika masikioni mwangu hadi leo: "Fungua uhesabu."

Mjomba aliyachukua kama ujeuri. Alimwambia atoke, na mshahara wa zile wiki tatu alizofanya ubaki kulipa hasara. Watoto kwenye benchi wakaanza kunong'onezana: mwizi, mwizi. Msomaji mpenzi, unajua kwamba katika mitaa yetu neno hilo si la mchezo. Likitamkwa barabarani kwa sauti kubwa, mawe huokotwa kabla ya maswali kuulizwa. Kaka aliweka chupa ya chai juu ya meza, polepole, akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nilibaki nimeshika kipanya, jasho jembamba likinitoka. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba nimesoma tu kilichoandikwa.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kila nikifumba macho niliuona ule mstari, na kila nilipouona niliona kwamba ulikuwa mrefu kuliko nilivyosema.

Siku ya Jumatatu, baada ya kipindi cha mwisho, nilimfuata mwalimu wetu wa kompyuta. Nilimuuliza kwa mzunguko kwamba je, RAM inaweza kupungua ikiwa ndani ya kompyuta? Akanipa chaki. "Andika ubaoni hasa kile ulichokiona. Usinipe maoni yako."

Nikaandika kwa Kiswahili: kumbukumbu iliyowekwa GB 8.00, inayoweza kutumika GB 3.24.

Mwalimu akautazama mstari kwa muda. "Uliusoma wote?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na uliusema wote?"

Nilinyamaza. Kalamu zinazofanya makosa katika ufahamu ni nyingi, lakini sikuwahi kuona kosa la ufahamu lililomnyima mtu mshahara.

Mwalimu hakuniuliza zaidi. Alinieleza jambo ambalo nami nakueleza, kwa sababu kompyuta kuukuu ziko tele katika mji huu na huenda likakufaa.

Kila baiti ndani ya RAM lazima iwe na anwani, kama vile kila mwenye sanduku la posta anavyokuwa na nambari. Kompyuta inayofanya kazi kwa biti 32 huandika kila anwani kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Mwalimu alinifanya nizidishe mbili kwa mbili ubaoni, mara nyingi, hadi zikatimia mbili 32: mbili, nne, nane, kumi na sita, na kuendelea hadi mkono ukachoka. Jibu lilikuwa 4,294,967,296. Hizo ndizo anwani zote zilizopo, hakuna nyingine, na ni sawa na GB 4 kamili. Intel walipoleta kichakato cha 80386 mwaka 1985, hicho cha biti 32, GB 4 zilikuwa kama bahari isiyo na ng'ambo. Nani angezimaliza? Leo hata simu nyingi zina RAM zaidi ya hapo.

"Lakini mwalimu," nikauliza, "mbona basi si nne? Mbona ni tatu na kitu?"

"Kwa sababu RAM haiishi peke yake katika huo mtaa," akasema. "Kadi ya picha inataka anwani. Sauti inataka anwani. Mtandao unataka anwani. Wote hao wamepewa nambari za mwisho wa mtaa, chini kidogo ya nne. RAM iliyoangukia hapo, na ile iliyo mbele ya hapo, nyumba zake zipo, zimejengwa, zina paa, lakini hazina nambari. Barua haziwafikii wenyeji wake."

"Kwa hivyo haikuibwa."

"Haikuibwa. Ipo, ila haifikiki."

Nilihisi kitu kikishuka tumboni kama jiwe. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyemwaga.

Mwalimu aliniandikia hatua kwenye karatasi, akanipa na flashi yenye mfumo wa Windows wa biti 64. Alisema ufunguo wa leseni tulio nao utafaa, maana unatumika kwa toleo la biti 32 na lile la biti 64. Tena akanionya: mtu hawezi kuvuka kutoka 32 hadi 64 juu kwa juu, lazima usimike upya kabisa, kwa hiyo faili zote zihifadhiwe kwanza mahali pengine.

Kumshawishi mjomba kulinichukua siku nne. Nilipomwambia kwamba huenda Kaka hakuiba, alisema, "Huenda? Huenda si ushahidi." Nikamjibu, "Hata tatu si ushahidi, mjomba. Mimi nilisoma nusu ya mstari." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiri kwa sauti. Alinitazama sana. Jumamosi, kabla ya wateja kuja, akafunga mlango kwa ndani na kusema, "Haya. Fungua."

Tulichomoa waya wa stima. Nikagusa chuma cha kasha kwanza, kwa sababu mwili wa mtu una umeme mdogo unaoweza kuua vifaa hivi. Nikaondoa kifuniko. Vibao vilikuwa viwili. Kila kimoja kilikuwa na karatasi imebandikwa: GB 4. Nne na nne.

"Karatasi yaweza kudanganya," mjomba akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Ndipo tukafuata karatasi ya mwalimu. Tulichomoa vibao vyote viwili na kusugua meno yake ya shaba kwa raba, ile ile ya kufutia penseli, kwa sababu vumbi na uchafu hapo huzuia kibao kisionekane. Tukapuliza matundu yake. Tukarudisha kibao kimoja peke yake, tukawasha: skrini nyeusi ikaandika 4096. Tukazima, tukatoa hicho, tukatia cha pili: 4096. Tukahamia tundu la pili tukapata jibu lile lile. Maana yake vibao vyote ni vizima na matundu yote ni mazima. Kama tungepata kimoja hakionekani, tungejua mgonjwa ni nani. Mwisho tukatia vyote viwili: 8192.

Mjomba alikaa kwenye benchi la watoto. Alikuwa ameiona tena ile nambari aliyoiona mjini, ndani ya duka lake mwenyewe. "Kwa hivyo zilikuwa humu," akasema. Hakuwa akiniuliza mimi.

Tukaangalia aina ya mfumo. Biti 32, kama mwalimu alivyobashiri. Mtu aliyeisimika zamani, wakati Mzee akiwa na RAM kidogo, hakuona haja ya zaidi. Kichakato chenyewe kilikuwa tayari cha biti 64. Kompyuta za ukoo huu wa mezani zilianza kupata biti 64 mwaka 2003 kwa vichakato vya AMD, Intel wakafuata. Tuliyahifadhi majina ya wachezaji na faili zote, tukasimika mfumo mpya. Ilichukua hadi saa nane mchana. Nilifungua ule ukurasa nikiwa na hakika kama mtu aliyeibia mtihani.

Iliyowekwa GB 8.00, inayoweza kutumika GB 3.25.

Nilipigwa na butwaa. Mjomba alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mwalimu wako amekosa. Kuna kitu kimeguswa humu ndani." Na nitasema ukweli, msomaji, hata kama unaniaibisha: kwa dakika moja nami niliwaza hivyo. Niliwaza kwamba labda Kaka aligusa kitu. Tayari nilikuwa nimehesabu vibao kwa mikono yangu, na bado ulimi ulikuwa unawasha.

Safari hii niliuzuia. Niliaga, nikapanda matatu, nikaenda mjini hadi soko la Wakulima. Nilikuwa nimesikia Kaka anabeba mizigo huko. Nilimkuta akishusha magunia ya viazi kutoka kwa lori la Molo, shati limelowa mgongoni. Nilisimama hadi gunia la mwisho liliposhuka.

"Kaka, nimekuja kukuomba msamaha. Mstari ulisema nane. Mimi nikasema tatu."

Akajifuta uso. Hakusema nimekusamehe wala sijakusamehe. Akauliza, "Mlifungua?"

"Tulifungua."

"Mkahesabu?"

"Tukahesabu. Ni nane. Tumeweka hata mfumo wa biti 64, lakini bado inasema tatu."

Hapo ndipo alipocheka. "Saa inasema mwaka gani?"

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Asubuhi ile, wakati wa kusimika mfumo, nilikuwa nimeona tarehe ya 2009 na kuirekebisha bila kuwaza, kama mtu anayefukuza nzi.

"Wiki hii nimeuliza fundi mmoja," Kaka akaendelea. "Nilitaka kujua mwenyewe RAM ya watu ilienda wapi. Sikia. Kuna programu ndogo ndani ya madabodi inaitwa BIOS. Hiyo inaamka kabla ya Windows. Mipangilio yake inalindwa na ile betri ndogo. Betri ikifa, kila stima ikipotea BIOS inasahau saa, na inasahau kila kitu kingine, inarudi vile ilivyotoka kiwandani. Sasa humo ndani kuna mahali pa kuhamisha kumbukumbu, wao wanaita rimapu. Ikiwashwa, ile RAM iliyokosa nambari inapewa nambari mpya juu ya nne. Kwa madabodi ya Mzee, kiwandani waliiacha imezimwa. Hata mkiweka biti 64 mara kumi, rimapu ikiwa imezimwa ni bure."

Mambo mawili, basi, yalikuwa yamekaa moja nyuma ya jingine. Tulipoondoa la kwanza la pili likabaki limeziba njia, ndiyo maana tukadhani hatukufanya kitu.

Nilimsihi aje dukani aifanye mwenyewe. Akakataa. "Mimi siingii duka nililoitwa mwizi. Aliyeniita hivyo aje aniite kwa jina langu." Akainua gunia jingine.

Nilinunua betri ya CR2032 njiani. Dukani tulizima Mzee, tukachomoa waya, tukabandua betri iliyokufa na kuweka mpya, upande wa jumlisha ukitazama juu. Nilipowasha nikabonyeza Delete mfululizo hadi BIOS ikafunguka. Nikaweka mwaka sahihi. Nikatafuta ile rimapu katika kurasa za ndani, nikaikuta imezimwa kama alivyosema, nikaiwasha, nikahifadhi, nikatoka.

Iliyowekwa GB 8.00, inayoweza kutumika GB 7.87.

Safari hii niliusoma mstari wote, kwa sauti, neno kwa neno. Tukafungua gemu la kandanda. Mpira ukatembea kama maji. Tukachomoa waya wa stima makusudi, tukangoja, tukawasha tena: saa ilikuwa sawa na RAM ilikuwa sawa. Hakuna aliyeshangilia. Mjomba alifungua droo, akahesabu mshahara wa wiki tatu, akahesabu tena, akauongezea kidogo. Akafunga duka saa kumi na moja jioni siku ya Jumamosi, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, maana hiyo ndiyo saa ya pesa.

Kule Wakulima alimwita Kaka kwa jina lake kamili, mbele ya wapagazi na akina mama wauza karoti. "Nilikuita mwizi mbele ya watu," akasema. "Nimekuja kusema mbele ya watu kwamba hukuiba. Makosa ni yangu."

"Na yangu," nikasema.

Kaka alipokea pesa kwa mikono miwili, akamshika mjomba mkono. Lakini kurudi dukani hakurudi. Yule fundi wa mjini aliyekwenda kumuuliza alipendezwa na maswali yake, na sasa anamfundisha kazi. Nikiwa na swali huwa ninampitia. Hunijibu, ingawa hatutaniani kama zamani.

Ningependa kumalizia hapo ili ufurahi, msomaji mpenzi, lakini kuna jambo moja zaidi. Juzi, miezi mingi baadaye, mtoto mmoja kwenye benchi aliniuliza, "Yule mwizi wa RAM alifungwa?" Nilimweleza tangu mwanzo, vibao viwili, raba, betri na rimapu. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gemu lake. Sijui kama aliamini. Kompyuta niliirekebisha kwa kubonyeza kitufe kimoja. Jina la mtu halina kitufe.

Kwa hiyo ukikuta kompyuta yako imeandika kwamba RAM uliyonunua haitumiki yote, usikimbilie kununua nyingine, wala usimkimbilie fundi kwa makelele. Soma mstari wote. Fungua uhesabu. Sugua, jaribu kimoja kimoja, angalia kama mfumo ni wa biti 32 au 64, ingia kwenye BIOS, na ukiona saa inarudi nyuma nunua betri. Na kama kuna mtu amesimama karibu na kompyuta hiyo, kijana maskini asiye na wa kumtetea, mfanyie hivyo hivyo kabla hujafungua mdomo.